Niliambiwa Nimemlisha Mama Mkwe Jani la Sumu

Nimewahi kuitwa muuaji sebuleni kwangu mwenyewe, nikiwa nimeshika kitambaa cha kufutia majani.

Aliyeniita hivyo ni wifi yangu. Waliokaa kimya ni wengine wote, akiwemo mume wangu.

Na pale kwenye kochi alikaa mama mkwe wangu, mdomo umefura kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Yeye ndiye pekee aliyeujua ukweli. Lakini siku hiyo ulimi wake ulikuwa mzito, hautoi neno likaeleweka.

Ngoja nianze mwanzo.

Kazi yangu ni kutunza mimea ya ndani. Watu wakisikia wanacheka. "Yaani unaajiriwa kumwagilia maua?"

Ndiyo. Napita ofisi hadi ofisi na ndoo, mkasi na chupa ya kunyunyizia. Mabosi wananunua mimea ya kupendezesha mapokezi, kisha wanaisahau. Mimi naifufua.

Huko ndiko nilikoupata huo mmea uliokuja kunitoa kwangu.

Ni mmea wa kupanda, wa misitu ya joto, wa jamii ile inayokwea miti mikubwa. Majani yake mapana kama sahani, kijani kilichomwagikiwa na weupe. Mengine nusu kwa nusu, kama yamechovywa kwenye rangi.

Nilipoukuta ulikuwa umewekwa chini ya kiyoyozi, kingo zimekauka, mizizi imeoza kwa kuloweshwa kila kukicha. Msimamizi wa ofisi akasema, "Huo katupe tu."

Sikuutupa. Nikauleta nyumbani.

Tunaishi ghorofani, vyumba viwili na sebule. Mume wangu ni fundi wa lifti, mtu wa maneno machache. Alinikuta nimekaa sakafuni nakata mizizi iliyooza, gazeti limejaa udongo.

"Hiyo mboga imeshakufa," akasema.

"Ngoja uone."

Nikaupanda upya kwenye udongo mwepesi. Nikausimamishia nguzo niliyoizungushia makumbi ya nazi, ili ile mizizi yake ya hewani ipate pa kushika. Nikauweka karibu na dirisha, nyuma ya pazia jepesi, maana jua kali likiupiga huanza kuunguza zile sehemu nyeupe.

Ukachipua. Jani la kwanza lilipokunjuka, hata mume wangu alisimama akalitazama.

Kipindi hicho ndipo mama mkwe alipokuja kukaa kwetu.

Alikuwa amevunjika nyonga. Kabla ya hapo alikuwa anaishi mji mwingine kwa mtoto wake wa kwanza, dada yake mume wangu. Huyo ndiye wifi mkubwa. Hospitali ya mifupa iko huku kwetu, kwa hiyo akaletwa, akafanyiwa upasuaji, ikakubaliwa akae na sisi mpaka apone.

Wifi mkubwa ni mtu mzito katika familia. Baba yao alipokufa, yeye ndiye aliyewalea wadogo zake. Ni mwenyekiti wa chama cha akina mama, msemaji kwenye kila harusi na kila msiba. Mume wangu na mdogo wake wakipigiwa simu na dada yao wanasimama wima, utadhani anawaona.

Kwenye kundi la familia alikuwa akituma picha. Mama kavaa gauni jipya. Mama kaketi bustanini. Chini yake watu wanamimina baraka.

Mama aliyefika kwangu alikuwa mwembamba kuliko yule wa kwenye picha.

Alikula haraka, mkono mmoja umezunguka sahani. Nilipotandika kitanda chake nikakuta vipande vya mkate chini ya mto. Na nikiinua mkono kuvuta pazia juu ya kichwa chake, alifumba macho na kujikunyata.

Nikamwambia mume wangu. Akasema, "Uzee huo. Watu wakizeeka wanarudi utotoni."

Nikakubali. Nani anamjua mama zaidi ya mwanawe?

Siku za mwanzo hakuwa anaongea. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, mkongojo magotini, akiutazama mmea. Asubuhi moja nikamsikia anauliza, "Huyu nani kamvisha shela?"

Nikageuka. Alikuwa anautazama mmea kama mtu anayetazama mgeni mlangoni.

"Basi huyu ni Bibi Harusi," akasema. Jina likabaki hilo.

Kuanzia hapo tukawa watatu. Nikirudi kazini namkuta ameshafuta majani yote kwa kitambaa chenye maji, moja moja, juu na chini, kama anaosha uso wa mtoto. Ameshanyunyizia ile nguzo. Ananisubiri na maswali.

"Mbona leo hujampa maji?"

"Ingiza kidole kwenye udongo, mama. Unasikia nini?"

"Unyevu."

"Basi ameshiba. Hawa hawafi kwa kiu. Wengi wanakufa kwa kulishwa kupita kiasi."

Akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Kifo kizuri hicho. Mimi sijawahi kutishiwa nacho."

Nilicheka naye. Nilidhani ni utani.

Siku nyingine alinikuta nakata chipukizi la kijani kitupu. Akasikitika. "Zuri hivyo, unalikata?"

"Likiachwa litakimbia kuliko wenzake, mmea wote utarudi kuwa kijani."

"Na hili jeupe tupu?"

"Hilo nalo halidumu. Halina kijani cha kujitengenezea chakula. Linalishwa na wenzake."

Akaligusa kwa kidole. "Kama mimi."

"Mama, acha maneno hayo."

Nilikuwa nimevaa glovu. Akauliza kwa nini. Nikamweleza kwamba utomvu wa mmea ule unawasha ngozi, na ukiingia mdomoni ni sumu, midomo na koo vinafura. "Kwa hiyo usije ukamla Bibi Harusi ukadhani ni mboga."

Akautazama mmea kwa muda. Akasema, "Mbona yeye mpole." Yakaishia hapo.

Mama akanenepa. Akaanza kutembea na mkongojo mpaka jikoni. Akaanza kuimba chini kwa chini. Nikitandika kitanda, chini ya mto hakuna mkate tena.

Ndipo wifi mkubwa akapiga simu.

Mume wangu aliweka spika. "Mama keshapona," sauti ikasema. "Arudi kwake. Watu wananiuliza mama yuko wapi. Mimi ndiye mtoto mkubwa, niwajibu nini? Kwamba yuko kwa mke wa mdogo wangu, katikati ya ndoo za maua?"

Mume wangu akasema, "Sawa, dada."

Mama naye alipoambiwa akasema, "Sawa." Hakuongeza kitu. Ila baadaye tukiwa wawili aliniuliza, "Huyu Bibi Harusi nani atamfuta vumbi?"

"Nitamfuta mimi, mama."

"Wewe una kazi nyingi."

Asubuhi ya safari begi lilikuwa mlangoni. Mume wangu ameshuka kutafuta teksi. Mimi niko jikoni nafunga mkate wa njiani. Nikasikia mkongojo umeanguka.

Nilipofika sebuleni mama ameshika koo. Midomo inavimba nikiiona, udenda unamtoka, macho yamejaa machozi.

Tukambeba. Hospitali wakampa sindano, wakamlaza, hali ikatulia. Daktari akasema huenda ni mzio. Akauliza amekula nini. Chai na mkate, tulivyokula wote.

Safari ikaahirishwa.

Mama akarudi nyumbani. Mdomo una vidonda, hali kitu ila vya majimaji, lakini usoni ametulia. Hilo nililiona kwa macho yangu. Sikulielewa.

Alipopata nafuu, wifi mkubwa akasema safari hii atakuja kumchukua mwenyewe.

Akaja na mizigo ya matunda, akamkumbatia mama mbele yetu. Mama alisimama mikono chini, kama nguo iliyotundikwa. Siku waliyopanga kuondoka, asubuhi, wifi yuko bafuni anaoga, mimi nachemsha chai, mume wangu anafunga viatu.

Mkongojo ukaanguka tena.

Mara hii ilikuwa mbaya zaidi. Njiani alikuwa anavuta pumzi kwa filimbi. Hospitali tulipokewa na daktari mwingine, mwanamke wa makamo, akammulika kinywani kwa tochi akachukua muda wake.

"Vidonda hivi si vya chakula," akasema. "Nimeshaviona kwa watoto waliotafuna mimea ya mapambo. Nyumbani kuna mimea?"



Wifi mkubwa aligeuza shingo taratibu, akanitazama.

Mama aliporuhusiwa, kikao kikaitishwa kwangu. Mdogo wake mume wangu, shemeji yangu, naye akaja. Mimi nilikuwa nafuta majani kwa sababu mikono ilitaka kazi.

"Kaa chini, wifi," wifi mkubwa akaniambia. Sauti ya upole, ile ya vikao. "Mmea huu una sumu?"

"Utomvu wake ni sumu, ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua. Na mama nilimwambia."

"Mara mbili mama anataka kuondoka hapa, mara mbili anavimba koo. Mara mbili chai umepika wewe."

"Wifi, nimdhuru mama ili nipate nini?"

"Unachopata unakijua wewe. Muuaji hatangazi sababu."

Neno likatua katikati ya sebule. Shemeji akainamisha kichwa, akasema kwa chini, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Hapo mama akaanza kuhangaika. Akainua mkono, akaonyesha mmea. Akajipiga kifua. Akaonyesha mmea tena, akajipiga kifua tena, anatoa sauti ambazo ulimi wake haukuweza kuzifanya maneno.

Wifi mkubwa akaenda kukaa pembeni yake. Akaushika ule mkono, akaushusha magotini, akaukandamiza pale.

"Mmeona?" akasema. "Anawaonyesha. Anasema ni huo mmea, umemfanyia yeye."

Mama machozi yakamwagika. Shemeji akasema, "Hata kumtazama anaogopa."

Mimi nikamgeukia mume wangu. "Sema neno."

Alikuwa anatazama viatu vyake. Akasema, "Nenda kwenu kwanza. Mambo yapoe."

Kuna maneno mtu akikwambia hulii, unauliza tu begi liko wapi.

Mama aliondolewa siku hiyohiyo. Wifi alimshika kwapa upande mmoja, shemeji upande wa pili. Mlangoni aligeuka kunitazama, wakamvuta mbele. Mpaka leo nikifumba macho naiona ile shingo inavyogeuka.

Nilikusanya vitu vyangu nikashuka. Chini, kwenye mapipa ya taka, nikamkuta Bibi Harusi. Shemeji alikuwa amerudi kumchukua akamtupa, mimi nikiwa chumbani nafunga begi. Nguzo imevunjika, udongo umetapakaa.

Mtu umefukuzwa kwako, unainama kwenye taka kuokota maua. Nichekeni, ruksa. Lakini ndivyo nilivyofanya.

Na pale ndipo nilipoona.

Majani ya chini, yale ya usawa wa kiti cha mama, yaliyofichwa nyuma ya kiti na kufutwa na yeye tu, mawili yalikuwa yameng'atwa. Hayakukatwa kwa kisu. Yameng'atwa yakiwa tawini, kipande kikubwa cha mviringo hakipo, na katikati ya pengo umebaki ukanda mwembamba umesimama.

Alama ile naijua. Mama hana jino moja la mbele. Mkate akiuacha sahanini unabaki na ukanda huohuo.

Jani moja lilikuwa limekauka kingo, la zamani. Jingine bichi, la juzi.

Anayemlisha mtu sumu atakata jani, atalisaga, atalificha kwenye chakula. Hamwinamishi mtu akang'ate kwenye mti.

Nilikaa ukingoni mwa barabara na lile tawi mapajani. Nikaanza kuunganisha. Mara ya kwanza, begi mlangoni. Mara ya pili, begi mlangoni. Mkate chini ya mto. Macho yanayofumba ukiinua mkono.



Nikampigia mume wangu, hapokei. Nikamtumia picha ya jani na maelezo. Akajibu, "Tafadhali usimsingizie mama yangu kwamba alijilisha sumu."

Sikwenda kwetu. Nililala kwa rafiki siku tatu, nikimpigia mume wangu bila kupokelewa. Siku ya nne nilipanda basi la asubuhi kwenda mji wa wifi.

Geti lilifunguliwa na dada wa kazi, mwanamke mtu mzima, kanga kiunoni, mikono ina mapovu.

"Mwenye nyumba yuko kwenye mkutano," akasema.

"Nimemfuata bibi."

"Bibi amelala." Akataka kufunga. Kisha akasita. "Wewe ndiye wa maua?"

"Ndiye mimi."

"Anakuita tangu aletwe."

Akatazama barabarani, kushoto na kulia. "Nikikufungulia, kazi yangu imekwisha."

"Najua, dada."

Alifuta mapovu mikononi. Halafu akatoa ufunguo kwenye fundo la kanga, akauweka juu ya tangi la maji. "Mimi naanika nguo. Sijaona mtu." Akanipa mgongo.

Chumba kilikuwa uani, kimepakana na stoo. Mlango una komeo la nje na kufuli. Mkongojo wa mama ulikuwa umeegemezwa ukutani, nje ya mlango, mahali ambapo mtu aliye ndani hawezi kuufikia.

Nikafungua.

Godoro chini. Beseni. Dirisha limezibwa kwa mbao. Harufu sitaieleza.

Mama alijikinga uso kwanza. Niliposema, "Ni mimi, mama," akashusha mikono pole pole. Kifundo cha mkono kimevimba, kina rangi ya bilinganya.

"Mwanangu," akasema. Ulimi ulikuwa umerudi. "Nimekuvunjia nyumba."

"Lile jani ulilila mwenyewe, mama?"

"Nililila mwenyewe."

"Kwa nini hukusema kwamba huku unaishi hivi? Wanao wangekuja."

Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Ningesemaje? Niwaambie wanangu kwamba mwanangu ananifungia? Tumbo ni langu. Aibu yake ni yangu."

Nikapiga simu tena. Mume wangu alipokea, nadhani kwa uchovu. Sikumwambia lolote. Nikaweka simu sikioni kwa mama.

"Baba," mama akasema. "Njoo unichukue."

Upande wa pili nikasikia funguo zinachukuliwa. Kisha nikasikia, "Nakuja, mama."

Wifi ndiye aliyetangulia kufika. Alisimama uani na mkoba wake wa mkutano, akaniona nimekaa kizingitini. Nilikaa pale makusudi, mlango usiweze kufungwa.

"Toka kwangu," akasema.

"Sitoki."

"Nitaita watu."

"Waite, wifi. Ita majirani, ita na wale wa chama. Waje wote mpaka huku uani."

Akaenda kukaa kwenye ngazi ya jikoni, mkoba mapajani, na tukakaa hivyo, yeye kule mimi huku, jua linahama ukutani.

Mume wangu alifika jioni, bado kavaa ovaroli ya kazi. Hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akasimama mbele ya lile komeo.

Akapitisha kidole gumba kwenye skrubu zake.

"Hili si la juzi," akasema. "Zimeshika kutu mpaka ndani. Lilikuwepo kabla mama hajavunjika nyonga."

Akageuka. "Mama, uliangukaje?"

"Niliteleza," mama akasema. Lakini alimtazama wifi, hakumtazama aliyemuuliza.

Wifi akaanza kuongea, na sauti ya vikao haikuwepo tena. "Anatangatanga. Anatoka nje bila nguo. Namfungia asigongwe na gari. Mnaijua kazi ya kumlea mtu? Nilimwuguza baba mpaka akafa. Nikawalea nyinyi. Nikaachiwa na yeye. Nani kati yenu aliwahi kuniuliza kama nimechoka? Mlikuwa mnanipigia makofi kwenye picha."

Lile alilosema mwisho lilikuwa kweli. Lakini halikuling'oa komeo mlangoni.

Mume wangu alimbeba mama mgongoni mpaka getini. Nilimtafuta yule dada wa kazi nimshukuru. Kamba ilikuwa na nguo, yeye hayupo.

Mama alirudi kwetu, lakini alirudi amechelewa. Kile chumba kilikuwa kimeshamwingia kifuani. Kikohozi kikawa homa, homa ikawa ya mapafu. Daktari alituambia bila kutuzungusha kwamba hatapona.

Nilichukua likizo nikamwuguza. Mchana mmoja namwosha miguu, akasema, "Mwanangu, kuna jambo nilikuacha ukadanganyika."

"Lipi, mama?"

"Unadhani nililing'ata lile jani ili nibaki."

"Si ndivyo?"

"Mara ya pili, ndiyo. Mara ya kwanza, hapana."

Nikaacha kuosha.

"Wewe uliniambia ni sumu," akaendelea, taratibu, anavuta pumzi kila baada ya maneno machache. "Nikaona begi mlangoni. Nikasema basi, bora niishie hapa, kwenye nyumba ambayo mtu ananingoja nimalize kula. Nikang'ata. Kwa bahati mbaya nikaamka. Nikasikia mnasema safari hakuna. Ndipo nikajua jani lina kazi nyingine."

Kitambaa kilikuwa kimeshaniponyoka kwenye beseni.

Miezi yote ile nilijiona namfundisha mama kutunza mmea. Kumbe nilikuwa nimemwonyesha mlango wa kutokea, na yeye akauweka akilini, akawa anaufuta vumbi kila siku.

"Usilie," akasema. "Nilikuwa nimeshakufa kabla sijafika kwako. Wewe ulinirudisha kidogo."

Kisha akatuita wote wawili, mimi na mume wangu, akatuapisha. Yaliyotokea uani kwa wifi yasifike kwa watu. "Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama," akasema. "Mwanangu hana pa kuchutama. Msimvue."

Tukaapa. Ungekataaje?

Alifariki asubuhi, akiwa anatazama dirishani.

Msibani, wifi mkubwa alilia kuliko wote. Alisimama akazungumza, akaeleza jinsi alivyomlea mama, watu wakafuta machozi. Baadaye jikoni, akina mama wakiwa wamemzunguka, nikamsikia anasema, "Mama yangu hakufa kwa maradhi. Kuna mtu alikuwa anafuga sumu ndani ya nyumba, anaiita mapambo."

Ilisambaa kabla vyombo havijaoshwa.

Nilipopita na sinia la chai, mwanamke mmoja akafunika kikombe chake kwa kiganja. Na wa pembeni yake. Na wa pembeni yake tena. Nikamtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni, amesikia kila kitu. Akatazama chini, safari hii kwa sababu ya kiapo. Mimi kwa jicho la nje sikuona tofauti.

Tunaishi. Siwezi kusema zaidi ya hapo.

Kwenye familia ile mpaka leo mimi ni mke aliyemuua mama mkwe. Watoto wa shemeji hawali kwangu. Wifi bado ni mwenyekiti, bado anasimama kwenye misiba. Nimeandika haya bila jina la mtu wala la mji, kiapo kiko salama. Ila kuna wengine wenye mama walio hai, na hao sikuapishwa nisiwaambie.

Mzee wako akikataa kwenda mahali, usikimbilie kumuuliza anaumwa wapi. Muulize anamwogopa nani. Muulize mkiwa wawili, na umpe muda, maana anayemlinda anaweza kuwa wa tumbo lake mwenyewe.

Na anayemlea, naye muulizeni kama amechoka, kabla uchovu haujanunua kufuli.

Picha ya mama kwenye simu isikutoshe. Nenda ukamwone, bila kutoa taarifa.

Na ukifika, usiishie sebuleni.